Jirani Aliyelipwa Umeme wa Paa Letu

Mke wangu ndiye aliyetaka paneli za jua. Mimi nilikataa, na sababu yangu ilikuwa moja tu. Nimeendesha basi London kwa miaka mingi, na mtu anayekaa nyuma ya kioo kikubwa kutwa nzima anajua kuliko wengine kwamba hapa hakuna jua. Kuna mwanga tu. Mke wangu ni muuguzi, na hubishana kwa utulivu uleule anaoutumia kutafuta mshipa wa mgonjwa. Alinijibu kwamba paneli hazihitaji jua kali, zinahitaji mwanga, na kwamba ubishi nimeshaumaliza mwenyewe.

Basi tukajiunga na ushirika wa umeme wa mtaani kwetu, Queensbury. Ulianzishwa na majirani waliokuwa wakikutana maktabani, watu wa kawaida kabisa. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa Kiingereza anayetembea kwa baiskeli hata kwenye mvua, alikuja nyumbani kutueleza. Ushirika hauna mtambo wake. Unanunua umeme unaobaki kwenye mapaa ya wanachama na kuwauzia wanachama wengine. Mchana, sisi tukiwa kazini, paneli zitakuwa zinatengeneza umeme ambao nyumbani hauna mtumiaji ila friji. Unaobaki utatoka nje kupitia mita na kwenda kwa mtu aliyebaki kwake anapika. Kila baada ya miezi mitatu watahesabu uniti tulizotoa, na malipo yake yatapunguzwa kwenye bili yetu.

Bei ndiyo haikuwa sawa. Uniti ukiinunua kwao unalipa bei ya samaki mzima, ukiwauzia wewe wanakupa bei ya kichwa. Nilimuuliza kwa nini, wakati umeme ni uleule. Alinieleza habari za nyaya, kodi na gharama za kuweka gridi sawa, kwa upole na kwa kirefu, mpaka nikaona haya kuendelea kuuliza.

Mafundi walimaliza kazi kwa siku moja. Wiki ya kwanza nilijifanya sijali. Wiki ya pili nikawa mgonjwa. Chini ya ngazi walikuwa wametufungia kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, chenye kioo kidogo kinachoonyesha namba, na nikawa siwezi kwenda chooni bila kupitia kwanza pale. Kwenye simu namba hizo zilikuwepo pia. Basi likisimama Edgware Road kwenye foleni, wingu likaziba, nilikasirika kama mtu aliyekatwa mshahara. Abiria mmoja aliyekuwa akishuka aliniambia leo kunapendeza, kumepoa kidogo, na mimi nikafunga mlango nyuma yake.

Nilifika mahali nikamkataza binti yetu kupiga pasi mchana, ili umeme wote utoke ukauzwe. Mke wangu akasema la, apige mchana huohuo, kwa kuwa wa mchana ni wetu na wa jioni ni wa kununua. Tulikaa mezani na kalamu, na alikuwa sahihi. Binti yetu, ambaye amezaliwa hapa na anaelewa Kiswahili chote tunachosema, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye hapigi pasi kabisa, mchana wala jioni.

Barua ya kwanza ya ushirika ilikuja baada ya miezi mitatu ya kiangazi kizuri. Niliifungua nimesimama. Ilitushukuru kwa kujiunga, ikasema kwamba uniti tulizotoa ni sifuri, na ikatushauri tuangalie kama kuna mti unaotutia kivuli au kinyesi cha ndege juu ya paneli.

Mti hatuna. Nilivuka barabara na kusimama upande wa pili nikiwa na darubini ya mke wangu ya kutazamia ndege. Paneli zilikuwa zinang'aa. Nikarudi ndani kwenye kisanduku: namba zilikuwa zinapanda kama kawaida.

Kabla sijaamua nimpigie nani, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yetu, yule tunayeshirikiana naye ukuta. Nyumba zetu ni pacha, zimejengwa pamoja chini ya paa moja refu, nusu yetu na nusu yake. Ni mjane wa Kihindi aliyepita miaka themanini, mdogo wa umbo, aliyezaliwa Kisumu na kukulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake. Kiswahili alikuja nacho akiwa msichana na hajakibadilisha tangu hapo. Anakitunza kama watu wanavyotunza vyombo vya harusi. Mimi ni mtu wa Tanga na nasema umeme. Yeye anasema stima. Mimi namwita Mama, yeye ananiita baba, ingawa ningeweza kuwa mwanawe.

Alikuwa ameshika barua yake kwa vidole viwili, mbali kidogo na sari, kama kitu alichokiokota.

"Baba," akasema, "hawa watu wa stima wanasema mimi natengeneza stima. Natengenezea wapi?"

Niliisoma pale pale mlangoni. Jirani yetu naye ni mwanachama wa ushirika, lakini ni mnunuzi tu. Hana paneli hata moja. Barua ilimpongeza kwa uniti nyingi alizozitoa kutoka kwenye paa lake, ikamwarifu kwamba bili yake ya miezi hiyo imekwisha yote na bado anawadai. Chini palikuwa na kichoro cha jua linalotabasamu.

Mke wangu alielewa upesi kuliko mimi. Kila nyumba yenye paneli ina namba mbili kwenye mita: ya umeme unaoingia na ya umeme unaotoka. Mtu fulani, wakati wa kutuandikisha, alikuwa ameandika namba yetu ya kutoka mbele ya anwani ya jirani. Tarakimu moja ya namba ya nyumba, basi. Umeme wetu ulikuwa unatoka vizuri na unahesabiwa vizuri, halafu analipwa yeye.

Nilidhani ni jambo la simu moja. Kijana wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba kwenye mfumo wao paa langu halijatoa kitu. Nikamwambia nimesimama mbele ya kisanduku na naona namba. Akasema haoni sababu ya kutoniamini, lakini mfumo hauoni. Nikamweleza habari ya jirani. Hapo sauti yake ikabadilika: samahani, hawezi kuzungumza nami kuhusu akaunti ya mteja mwingine, ni sheria ya faragha. Nikamwambia mteja mwenyewe yuko hapa jikoni kwangu anakunywa chai. Akasema basi apige yeye, kwa simu yake.

Jirani yetu akaenda kwake kuleta simu, akapiga akiwa amekaa palepale. Alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba anataka kuondolewa kwenye orodha ya watu wanaouza umeme. Akaambiwa inawezekana, ila lazima achague sababu moja kati ya zilizopo: amehama, ameuza nyumba, paneli zimeibiwa, paneli zimeharibika, au mwenye akaunti amefariki. Akauliza iko wapi sababu ya kwamba hajawahi kuwa nazo. Haikuwepo. Yule kijana, kwa nia njema, akamshauri achague ya kuharibika, kwa kuwa ndiyo inayopita haraka.

"Siwezi kusema kitu changu kimeharibika kama sina hicho kitu," jirani akasema. "Na sijafa."

Akakata simu, akatuambia kwa Kiswahili kwamba kesho ni siku yake ya kwenda hekaluni Neasden, na hawezi kusimama mbele ya Mungu akiwa na uongo wa jana yake.

Tuliandika barua pepe. Tukajibiwa na mashine kwamba ujumbe wetu ni muhimu. Tukaandika tena, mashine ikasema vilevile. Miezi ikaingia mingine mitatu, na kwa kuwa ilikuwa vuli, uniti zilipungua, na barua ya jirani ikamfariji kwamba asife moyo, ni hali ya majira. Yetu ikarudia sifuri na kinyesi cha ndege.

Katika kipindi hicho jirani yetu alianza kutulipa. Sisi hatukumwomba. Mke wangu alimwambia mara nyingi kwamba kosa si lake na fedha hatujaiona wala yeye hajaishika, imepunguzwa tu kwenye karatasi. Hakukubali. Alisema anapika kwa stima yetu, anaoga kwa stima yetu, na taa anayosomea ni yetu. Kila Ijumaa alasiri aligonga mlango na chombo cha chuma chenye mfuniko: kachori, chapati nyembamba za majani ya uwatu, maharage ya nazi kama ya kwetu pwani, achari ya ndimu. Alikuwa anapima. Wiki ya jua chombo kilikuwa kikubwa, wiki ya mawingu kilikuwa kidogo. Mara moja ilinyesha siku saba mfululizo na akaleta kachori tatu, tukiwa watu watatu.

Nikiri kwamba kwa bei ile ya kichwa cha samaki, chakula cha jirani kilizidi malipo ya ushirika maradufu. Kuna Ijumaa niliyorudi kutoka kazini nikamwambia mke wangu pengine tusiharakishe sana kulirekebisha jambo hili. Alinitazama tu, na kesho yake akaandika barua pepe nyingine.

Hiyo ndiyo iliyomleta mkaguzi. Alifika asubuhi ya ukungu mzito, kijana mwenye koti la manjano na kishikwambi mkononi, na akaenda moja kwa moja kwa jirani. Nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nikatoka kusikiliza. Alisema amekuja kukagua paneli zinazofanya vizuri. Jirani akamwambia hakuna paneli, atazame juu. Kijana akatazama juu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabomba ya maji ya mvua, na paa lilikuwa halionekani, si lake wala letu. Akasema hana ruhusa ya kupanda bila ngazi na mwenzake, kazi yake ni kukagua kisanduku cha ndani. Jirani akampeleka ndani amwonyeshe kwamba hakipo. Walipita jikoni, wakapita chumba cha kulala, wakapita stoo. Baadaye alinionyesha alichoandika kwenye kishikwambi, kwa sababu nilimwomba, na yeye aliona haya kunikatalia: "Kisanduku hakifikiki."

Kisha akaja kwetu, tulioandikwa kwamba paneli zetu zimekufa. Nikampeleka chini ya ngazi. Kisanduku kilikuwa kinavuma, na hata katika ukungu ule namba ilikuwa inasogea. Alikipiga picha, akaweka mkono juu yake, akakubali kwamba kina joto.

"Kinafanya kazi," akasema.

"Basi andika hivyo."

Akaandika. Fomu yake ilimtaka aingize pia uniti zilizotoka kwa mujibu wa mfumo, na bila hiyo ilikataa kufungwa. Akaingiza sifuri. Kwa hiyo taarifa rasmi ya nyumba yetu ikawa kwamba mtambo wetu ni mzima, unafanya kazi vizuri, na hautoi kitu.

Haikupita muda, jirani akapata mwaliko. Ushirika ulikuwa na mkutano wake mkuu wa mwaka, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule ya msingi, na yeye alikuwa ametajwa kuwa mzalishaji bora miongoni mwa wanachama wapya. Wangemkabidhi cheti na chupa ya asali, na wangefurahi kama angesema maneno machache.

Mke wangu alidhani angekataa. Kumbe alifurahi. Alisema miezi yote hii amekuwa akisema na mashine na watoto wa simu. Sasa wamempa watu wazima wamekaa kwenye viti. Siku ilipofika akavaa sari ya rangi ya machungwa, akaniomba nimpeleke kwa gari. Mke wangu naye alikuwa na siku ya mapumziko, tukaenda wote watatu.

Ukumbini palikuwa na watu kama arobaini, chai kwenye birika kubwa, na viti vya watoto vilivyotufanya sote tukae magoti yakiwa kifuani. Mwenyekiti alisoma taarifa, mweka hazina akasoma ya kwake, mzee mmoja akauliza kwa nini bei ya kununua na ya kuuza si sawa, naye akajibiwa habari za nyaya. Kisha jirani yetu akaitwa mbele.

Alisimama karibu na meza, akakipokea cheti na kukiweka mezani, asali akaiweka juu ya cheti. Akasema, polepole ili wamwelewe, kwamba anawashukuru lakini yeye hana paneli. Hajawahi kuwa nazo. Paa lake ni vigae tu.

Watu wakacheka kwa upendo na kupiga makofi. Mwenyekiti akamshika bega, akawaambia wanachama kwamba huu ndio unyenyekevu ambao ushirika umejengwa juu yake.

Jirani akarudia. Wakapiga makofi tena, safari hii kidogo, kama watu wanaoomba amalize. Mwanamume mmoja wa safu ya mbele akainua mkono akauliza anazisafisha mara ngapi kwa mwaka.

"Sijawahi kuzisafisha," akasema, na ulikuwa ukweli.

Yule mwanamume akaandika. Mwenzake wa pembeni akamnong'oneza, naye akaandika. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Mimi nilitaka kusimama lakini nilishindwa kutoka kwenye kile kiti.

Jirani aliwatazama wote. Kisha akanigeukia mimi, juu ya vichwa vyao, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwafokea wapagazi wa duka:

"Baba, waambie wainuke. Twende wakaone."

 Mwenyekiti akaniuliza amesema nini. Nikatafsiri. Akafikiri, akatazama saa, akasema ajenda iliyobaki ni mengineyo, na pengine hili linaingia humo.

Kutoka shuleni hadi mtaani kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Tulikwenda kwa miguu, watu wapatao ishirini, wengine bado na vikombe vya chai mikononi, jirani yetu mbele na sari yake, mimi pembeni yake, mwenyekiti akisukuma baiskeli. Watu walitokea madirishani kututazama. Mama mmoja aliniuliza ni msiba wa nani.

Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Tulisimama upande wa pili wa barabara, pale nilipokuwa nimesimama na darubini, na wote wakainua nyuso. Nusu ya paa ilikuwa na paneli nyeusi zimepangwa kama trei za kuokea. Nusu nyingine ilikuwa na vigae vyekundu, kuvu kidogo, na njiwa.

 Mwenyekiti akauliza taratibu, "Na nyumba yako ni ipi?"

Jirani akamwonyesha njiwa.

Mweka hazina, ambaye alikuwa amekuja na faili lake, alilifungua juu ya boneti ya gari la mtu, akapekua, akaweka kidole. Alikuwa mtu mwaminifu, sina neno naye. Akasema, bila ukali wowote, kwamba kwenye mfumo paneli ziko hapa kushoto. Akatazama juu tena, akatazama faili. Nilimwona jinsi alivyokuwa anateseka, kama mtu aliyeambiwa achague kati ya wazazi wake wawili.

Mwenyekiti ndiye aliyemwokoa. Alifunga faili kwa mkono wake, akavuka barabara, akampa jirani yetu mkono na kumwomba radhi. Kisha akaja kwetu akafanya vilevile. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia kwamba aliacha kazi ya benki akaanzisha ushirika ili watu wasilazimike tena kuongea na mashine.  Mke wangu akamkaribisha ndani, naye akaingia, na wale ishirini wakaingia pia, na vikombe vyao.

Baada ya hapo mambo yalirekebishwa kwa wiki tatu. Namba ikahamishiwa kwetu, na uniti zote za nyuma zikahesabiwa upya. Zilitosha kulipia sehemu ya bili yetu ya majira ya baridi. Si kubwa, si ndogo. Jirani alirudishiwa bili zake za zamani, akazilipa siku hiyohiyo. Na Ijumaa iliyofuata sikusikia mlango ukigongwa. Deni lilikuwa limekwisha, na yeye ni mtu wa duka.

Lakini mfumo ulikuwa haujamalizana naye. Ili nyumba itoke kwenye orodha ya wazalishaji lazima kuwe na hati ya kuondolewa kwa paneli, na hati lazima iandikwe na mafundi. Kwa hiyo asubuhi moja lilikuja gari lenye ngazi na mafundi wawili walioagizwa kushusha paneli ambazo hazipo. Walitazama juu, wakatazamana, wakapiga simu ofisini. Wakaambiwa kazi imepangiwa muda wa saa mbili na wakiondoka kabla ya hapo hati haitatoka. Jirani akawaingiza ndani akawapikia chai ya tangawizi. Saa mbili zilipotimia wakaandika kwamba paneli zote zimeondolewa na paa limeachwa katika hali nzuri, naye akatia sahihi. Nilimuuliza baadaye kama huo si uongo.

"Paa liko katika hali nzuri," akanijibu. "Nimetia sahihi hapo tu. Ile sentensi nyingine nimeikata kwa mstari."

Kilichonishangaza ni huzuni yake. Alikuja kukaa jikoni kwetu, kwa mara ya kwanza bila chombo, akasema kwamba miezi ile ya kupongezwa, ingawa ilimkera, alikuwa amezoea kuamka na kutazama kama kuna jua. Mumewe alipofariki aliacha kutazama dirishani. Sasa alitaka paneli za kweli, alikuwa na akiba kidogo. Mke wangu akamsaidia kujaza maombi usiku huohuo.

Maombi yalikataliwa. Barua ilisema kwamba kumbukumbu zinaonyesha paneli za anwani hiyo ziliondolewa karibuni kwa hiari ya mteja, na mteja aliyeondoa haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka mitano.

Nilidhani angevunjika moyo. Aliikunja barua mara nne, akavaa koti, akatembea mwenyewe hadi kwa mwenyekiti, na sisi hatukujua walichozungumza. Tulichokuja kusikia ni kwamba amechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati. Suala la paneli zake lingesikilizwa na kamati hiyo, na mpaka leo linasikilizwa. Kazi aliyopewa, ambayo haikuwepo kabla yake, ni kuzunguka mitaani na orodha ya ushirika na kutazama mapaa.

Jumapili nisipokuwa na zamu huwa nakwenda naye, kwa sababu magoti yake hayapendi vilima. Hutembea katikati ya njia, uso juu, na mimi kazi yangu ni kumwambia palipo na shimo. Orodha ikisema kweli anaweka alama ya vema, ikikosea anaweka duara. Mwezi uliopita, karibu na kituo cha treni, alisimama mbele ya nyumba ya pembeni yenye paneli nane. Kwenye orodha nyumba hiyo ilikuwa haina kitu. Tukagonga. Alifungua bwana mmoja wa makamo, amevaa kandambili, na jirani alipomweleza tumetoka wapi alianza kufunga mlango. Alisema ameshabishana nao mwaka mzima, ameshakubali, yaishe.

"Umekubali nini?" jirani akamuuliza.

"Kwamba hazipo."

Jirani akachukua kalamu, akachora duara kubwa kwenye orodha, akamwonyesha.

"Zipo," akasema. "Nimezihesabu. Nane."

Yule bwana alisimama kizingitini kidogo. Kisha akashuka ngazi na kandambili zake, akapita katikati yetu mpaka kando ya barabara, akageuka, akainua uso kuzitazama.